Mguu wa bia: kipi cha ukoo, kipi cha vyuma

"Kwetu hatuna miguu," husema mtu mwenye miguu ya njiti, akimaanisha kwamba baba, shangazi na binamu zake wote wako hivyo na haina haja kuhangaika na vyuma. Jirani yake ana mguu wa bia tangu darasa la saba na jimu hajawahi kuikanyaga. Kuna ukweli katika anachosema huyo wa kwanza, ila ukweli wenyewe uko kwenye kano na mfupa kuliko kwenye nyama. Mazungumzo mengi ya "jeni" hupotea njia hapo hapo.

Tuanze na shavu la mguu lenyewe. Lina misuli miwili mikubwa. Ule unaoonekana una vichwa viwili, cha ndani na cha nje, na vyote huanzia juu ya goti, kwenye ncha ya chini ya fupa la paja. Ndani yake, upande wa mfupa, umelala msuli mpana na bapa, soleasi, unaoanzia chini ya goti. Yote miwili huungana kwenye kano moja nene inayoshuka hadi kisigino. Kwa hiyo urefu kati ya goti na kisigino umegawanywa: sehemu nyama, sehemu kano. Aliyerithi nyama ndefu ana kano fupi, na mguu wake hujaa hadi karibu na nusu ya muundi au zaidi. Aliyerithi kano ndefu, nyama yake hukusanyika juu karibu na goti, na chini hubaki kama fimbo. Mazoezi hunenepesha nyuzi za msuli. Mpaka wa nyama na kano hayausogezi kwa kiasi cha jicho kuona.

Kujua umeangukia upande gani, panda juu ya vidole vya miguu ukiwa peku, mgongo kwenye kioo, au mtu akupige picha kwa nyuma. Tafuta ukingo wa chini wa kichwa cha ndani, kwani ndicho kinachoshuka zaidi. Cha nje huishia juu kidogo kwa karibu kila mtu, kwa hiyo usidhani mguu wako una kasoro. Pima kwa futi ya fundi nguo kutoka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti hadi ukingo huo, kisha kutoka ukingo huo hadi chini ya kisigino huku umesimama kawaida. Ikiwa sehemu ya juu inakaribia kulingana na ya chini, una nyama ndefu na nafasi ya kuujaza mguu ni kubwa. Ikiwa ya chini ni karibu mara mbili ya juu, una kano ndefu. Unaweza kuongeza unene, lakini utaongezeka pale juu tu. Hakuna zoezi la "kushusha" shavu la mguu, na anayekuuzia programu ya hivyo anakuuzia hewa.

Mwenye kano ndefu huwa pia na tatizo la pili ambalo watu hulisahau. Kano hujivuta na kurudi kama mpira. Ukipiga marudio ya haraka, unadunda: kano huhifadhi nguvu unaposhuka na kuirudisha unapopanda, na msuli haufanyi kazi uliyodhani unaupa. Ndiyo maana mtu hupiga marudio hamsini kila jioni na mguu haubadiliki. Dawa yake ni kusimama chini. Weka nusu ya mbele ya unyayo kwenye ukingo wa ngazi, goti limenyooka, shuka hadi kisigino kiwe chini ya ngazi, kaa hapo sekunde mbili kamili, kisha panda. Fanya kwa mguu mmoja mmoja. Ukiweza 15 safi bila kudunda, shika ndoo ya maji: lita 10 ni kilo 10, na huhitaji dambeli. Seti 4 za marudio 10 hadi 15, mara 3 kwa wiki, zinatosha.

Goti kunyooka si mapambo. Ule msuli wa vichwa viwili huvuka goti, kwa hiyo ukikaa na kukunja goti unalegea na kuiachia soleasi kazi. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha mguu mmoja ukifanya zoezi kwa kusimama na mwingine kwa kukaa, kwa wiki 12. Kwa kusimama, kichwa cha nje kiliongezeka kwa takriban asilimia 12 na cha ndani asilimia 9. Kwa kukaa, ongezeko halikufika asilimia 2. Soleasi iliongezeka kidogo tu pande zote. Wale waliofanya kwenye mashine ya kukaa miaka mitatu kisha wakailaumu nasaba, wasome sentensi hiyo tena.

Kabla ya kukata tamaa na futi, piga hesabu. Msuli huo wa juu ni sehemu tu ya unene wa mguu. Mengine ni soleasi, misuli ya mbele, mifupa miwili na mafuta. Msuli huo ukikua kwa asilimia 10, mzunguko wa mguu wa sentimita 35 utapanda kwa nusu sentimita hadi sentimita moja hivi. Ni maendeleo ya kweli, lakini ukipima jioni baada ya kusimama kutwa, uvimbe wa maji peke yake huweza kuyafunika. Pima asubuhi, umesimama kwa miguu yote miwili, mahali panene zaidi, mara moja kwa mwezi.

Isitoshe, mguu mwembamba si ulemavu. Watafiti wa Copenhagen wakiongozwa na Bengt Saltin waliwapima vijana wa Kikalenjin wa Kenya na kukuta miguu yao chini ya goti ni myembamba na mirefu kuliko ya wenzao wa Denmark. Wajapani nao, walipowapima wakimbiaji bora wa Kenya, walikuta kano ya kisigino ndefu. Anayekimbia hubembeza mguu mbele na nyuma maelfu ya mara, na uzito ulio mbali na nyonga ndio ghali kuubembeza: gramu 100 zikiongezwa kwenye kila kiatu, oksijeni inayotumika hupanda kwa karibu asilimia 1. Mguu wa bia ni pendo la macho. Barabarani ni mzigo. Lakini tusiruke kutoka hapo hadi "Wakalenjin wanazaliwa washindi." Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kambi zimejaa vijana wanaokimbia mara mbili kwa siku, na mtu akimwona jirani amerudi na medali na kujenga nyumba, naye huamka alfajiri. Wembamba wa mguu wanao pia Wakalenjin wengi ambao hawajawahi kushinda hata mbio za tarafa.

Mbona basi umbo hilo limeenea Afrika Mashariki? Kanuni iliyoandikwa na Joel Asaph Allen mwaka 1877 inasema viumbe wa damu moto wanaoishi kwenye joto huwa na viungo virefu, na wa baridi huwa na vifupi. Mguu mrefu mwembamba una ngozi nyingi kwa kila kilo ya nyama, kwa hiyo hutoa joto upesi. Wataalamu wa mifupa hugawa urefu wa muundi kwa urefu wa fupa la paja na kuzidisha kwa 100: kwa watu wa tropiki huja karibu 85, kwa Wainuit wa kaskazini karibu 80. Hata mifupa ya yule kijana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, ina miguu mirefu. Kanuni hii ni ya wastani, tena ina matundu. Joto la Sudan Kusini limeipa dunia Wadinka warefu, na mchezaji wao wa mpira wa kikapu, Manute Bol, wa sentimita 231. Joto lenye unyevu la msitu wa Ituri, Kongo, limekuwa makazi ya Wambuti, ambao wanaume wao kwa wastani hawafiki sentimita 150.

Urefu wa mifupa ndio unaopaswa kubadilisha namna unavyofanya mazoezi, kuliko "aina ya mwili" unayosoma mitandaoni. (Zile ektomofu, mesomofu na endomofu zilibuniwa na William Sheldon katika miaka ya 1940 kwa kutazama picha za wanafunzi, naye alizihusisha hata na tabia za watu. Si vipimo vya jeni, na simshauri mtu yeyote apange mlo kwa kuzifuata.) Kaa kwenye stuli mgongo ukiwa ukutani, weka alama juu ya kichwa, pima kutoka sakafuni kisha toa kimo cha stuli. Gawa jibu kwa kimo chako. Watu wengi huja karibu 0.52. Ukiwa chini ya 0.51, una miguu mirefu na kiwiliwili kifupi.

Mtu wa namna hiyo akiweka chuma mabegani na kuchuchumaa, kiwiliwili chake lazima kiinamie mbele ili uzito ubaki juu ya katikati ya unyayo. Kocha asiyejua hili humpigia kelele "nyoosha mgongo!" Akijilazimisha kusimama wima, hurudi nyuma na kuanguka, au visigino hunyanyuka, au kiuno hukunjika kule chini na maumivu ya mgongo huanza. Kinachosaidia ni vitu vitatu. Panua miguu kidogo na elekeza vidole nje, maana hilo hulifupisha paja likitazamwa kwa ubavu. Weka kibao au sahani za vyuma za sentimita 2 chini ya visigino. Beba uzito kifuani badala ya mabegani.

Ila kwanza hakikisha kinachokuinamisha si kifundo cha mguu kigumu. Weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani na uguse ukuta kwa goti bila kisigino kuinuka. Ukishindwa, tatizo liko kwenye kifundo. Nyoosha kila siku wiki kadhaa kabla ya kulaumu mifupa. Upana wa miguu nao una kipimo: piga magoti na kushika sakafu kwa mikono, kisha sukuma makalio nyuma kuelekea visigino, magoti yakiwa karibu, halafu yakiwa mbali zaidi. Upana ambao kiuno kinachelewa kukunjika ndio upana unaofaa nyonga zako. Vikombe vya nyonga vya watu hutofautiana kwa kina na mwelekeo, na hata ndugu wa tumbo moja huhitaji kusimama tofauti.

Sehemu nyingine za umbo la msuli hutazamwa upesi. Kunja mkono nyuzi 90, kiganja kikitazama juu, kaza, kisha ingiza vidole kati ya mkunjo wa kiwiko na mwisho wa nyama. Kikiingia kimoja, nyama yako ni ndefu na mkono utajaa. Vikiingia vitatu, ni fupi, utapata kilima kirefu katikati na shimo pembeni. Mistari ya tumbo pia: idadi ya mikanda ya kano inayokata msuli wa tumbo ni ya kuzaliwa nayo, hivyo wengine wakikonda hupata vipande sita, wengine vinne, wengine vinane, na mara nyingi havilingani kulia na kushoto. Pengo katikati ya kifua ni hivyo hivyo. Ukubwa wa mifupa hukadiriwa kwa kugawa kimo kwa mzunguko wa kifundo cha mkono, pale saa inapokaa. Mwanamume akizidi 10.4, mwanamke akizidi 11, fremu ni ndogo: mtu wa sentimita 170 mwenye kifundo cha 16 ana 10.6. Huyu atabeba nyama kidogo kuliko mwenye 9.4, lakini nyama hiyo hiyo itaonekana zaidi kwake kwa sababu viungo vyake ni vyembamba.

Sisemi umbo lote limefungwa. Msuli wa nyuma ya mkono, ukifanyishwa kazi mkono ukiwa juu ya kichwa, kichwa chake kirefu hukua zaidi kuliko mkono ukiwa chini. Msuli wa nyuma ya paja hukua zaidi kwenye mashine ya kukaa kuliko ya kulala kifudifudi. Msuli ukifanya kazi ukiwa umenyooshwa hukua vizuri zaidi, na hapo una uhuru ambao mababu hawakukunyima.

Kiasi cha kukua ndicho kinachotofautiana ajabu. Mwaka 2005 zilichapishwa takwimu za watu 585 waliofanya mazoezi yaleyale ya mkono mmoja kwa wiki 12. Msuli wa mwenye matokeo madogo ulipungua asilimia 2. Wa mwenye makubwa uliongezeka asilimia 59. Mazoezi mamoja, wiki zile zile. Ukiwa upande wa chini, ongeza seti kabla ya kujiandikia hukumu, na hesabu protini: gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 104 kwa mtu wa kilo 65. Wali na mchicha havifiki huko. Maharage, mayai, samaki na dagaa hufika.

Na hapa ndipo hoja ya ukoo inapovuja. Watu wa ukoo mmoja hurithi jeni, lakini pia hula sufuria moja. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 ni warefu kwa sentimita 20 kuliko waliozaliwa mwaka 1896, na jeni za taifa hazibadiliki hivyo kwa vizazi vinne. Upande wa pili, mwaka 1990 jozi 12 za mapacha wa kufanana walilishwa kalori 1,000 za ziada kwa siku, kwa muda wa siku 84. Waliongezeka kati ya kilo 4.3 na 13.3, na pacha alimfuata pacha mwenzake, kwa kilo na kwa mahali mafuta yalipokaa. Kwa hiyo swali la "kwetu hatuna makalio" lina majibu mawili: upana wa nyonga na mahali mafuta yanapopenda kukaa ni vya kurithi, msuli wa kalio wenyewe ni mkubwa na unafunzika. Dawa za kupaka na sindano za mitaani hazifunzi kitu, na sindano huacha vidonda.

Vipimo vya DNA vinavyouzwa mtandaoni havitakusaidia sana. Maarufu ni jeni ya ACTN3, "jeni ya kasi". Karibu asilimia 18 ya Wazungu hawana protini yake kabisa, na kampuni huwaambia wameumbwa kwa mbio ndefu. Nchini Kenya wasio nayo ni asilimia 1 hivi. Yaani nchi ya Kipchoge, kwa kipimo hicho, ni ya watu wa mita 100. Kimo nacho: utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha watu milioni 5.4 ulipata vijisehemu 12,111 vya DNA vinavyohusiana na kimo. Kwa wenye asili ya Ulaya vilieleza takriban asilimia 40 ya tofauti. Kwa wengine asilimia 10 hadi 20 tu, kwa sababu data nyingi ni za Wazungu.

Kabila ni kipimo kibovu zaidi. Tofauti kubwa ya jeni za binadamu iko ndani ya makundi, na hakuna bara lenye mchanganyiko mwingi kama Afrika. Tazama Waswahili wenyewe: DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji kama Manda, Mtwapa na Songo Mnara ilionyesha nasaba za kiume nyingi zikitoka Uajemi na za kike karibu zote Afrika. Mtu anaweza kujiita Mshirazi kwa haki kamili, na jina hilo lisiseme lolote kuhusu mguu wake. Ndugu wa baba na mama mmoja wenyewe hushiriki nusu tu ya kinachotofautisha watu.

Asili ina maana zaidi kwenye afya ya kiuno. Watu wenye asili ya Bara Hindi, na wako wengi Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, huweka mafuta ndani ya tumbo wakiwa bado wembamba. Kikomo cha kiuno kwa wanaume wao ni sentimita 90 badala ya 94, na kwa wanawake ni 80. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi.

Kuna umbo moja ambalo ukoo husingiziwa kila mara: matege. Mtoto chini ya miaka miwili kuwa na matege ni kawaida. Baada ya hapo, msimamishe vifundo vikigusana. Pengo la magoti likizidi sentimita 6, au mguu mmoja ukipinda kuliko mwingine, au pengo likiongezeka, mpeleke hospitali. Huweza kuwa upungufu wa vitamini D au kalisi, au ugonjwa wa Blount, unaopindisha muundi na kuhitaji kifaa au upasuaji mapema. Na ukiwa maeneo ya Mlima Meru, Arusha, kama Maji ya Chai na Ngurdoto, uliza kuhusu maji. Huko fluoridi ya asili huzidi mno kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na magadi ya kupikia maharage huongeza nyingine. Familia nzima huweza kuwa na meno ya kahawia na miguu iliyopinda, babu, mama na wajukuu, bila jeni hata moja kuhusika. Kuchemsha hakuondoi fluoridi; maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inakolea. Kinachoiondoa ni kichujio cha mkaa wa mifupa, na mkaa huo huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni salama zaidi kwa mtoto, hasa kabla meno ya ukubwani hayajaota.